Walanguzi wa huku hawana sura

Wabongo wenzangu mnaosema huku mbele, Marekani, kila kitu kimenyooka, hebu nisikilizeni kidogo. Novemba 2020 PS5, ile mashine ya kuchezea gemu, imetoka, dola 499, dogo wangu kaniimbia tangu summer, nikasema poa nitakesha. Muda ulipofika nikabonyeza, ikaingia kwenye kikapu kabisa, naandika namba ya kadi, kale kaduara kanazunguka weee, mara imeisha. Hata dakika mbili hazijafika! Kesho yake naikuta mtandao mwingine dola elfu moja, mtu kapiga picha maboksi yamepangwa mpaka dirishani kama matofali.

Alienipiku siyo mtu, ni programu. Huku wanaiita boti (kwetu boti ni ya kwenda Zanzibar, hii haibebi abiria). Inachungulia duka usiku kucha, mzigo ukishuka tu inajaza jina, anwani na kadi kabla hujanyanyua kidole, tena inajifanya watu mia tofauti ili ule utaratibu wa kila mteja kimoja usiishike. Na duka lenyewe uchungu halina, anunue boti ninunue mimi hela ni ile ile.

Kinachonichosha ni sheria. Tiketi za shoo zina ulinzi tangu 2016, Obama alisaini BOTS Act, sheria ya boti za tiketi, ukitumia ujanja kuruka kizuizi cha muuzaji kwa shoo ya ukumbi unaobeba zaidi ya watu 200 ni kosa. Haya, mpaka 2021 ndo FTC, mamlaka yao ya kulinda wateja, wakawabana wa kwanza, kampuni tatu za madalali wa New York, tiketi zaidi ya laki moja na nusu, faini dola milioni 31, wakalia hawana hela, wakalipa milioni 3.7. Sasa midoli, viatu, gemu? Muswada waliutunga, wakauita Grinch Bots (Grinch ni yule wa hadithini aliyeiba Krismasi), ukaletwa 2018, ukaletwa tena 2019, tena 2021, kila ulipokuja ukalala.

Bongo ulanguzi tunaujua vizuri tu. Desemba stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar, enzi zile, tiketi za Moshi dirishani zimeisha lakini mpiga debe anazo mfukoni. Nilimlaani sana yule jamaa, ila alikuwa amesimama mbele yangu, nikamwambia kaka mama anaumwa, tukavutana wee akashusha elfu tano. Boti utaibembelezaje?

Ila na ile njia ya serikali yetu ya 1983 siitaki. Nilikuwa mdogo, msako wa wahujumu uchumi umepamba moto, baba alifukia madebe mawili ya mafuta ya kula migombani usiku, mimi nimeshika kibatari, na hakuwa mlanguzi, alikuwa na kaduka tu ka kijijini. Mafuta yenyewe yakazidi kuadimika. Hapo Wamarekani nawapa maksi, kosa lao ni kuruka kizuizi, siyo kukutwa na vitu viwili ndani. Basi waiongeze sheria hiyo hiyo ifike kwenye bidhaa, na wasisubiri miaka minne kumkamata mtu.

Dogo alipata yake mwaka uliofuata, kwa 499 ile ile. Saa kumi alfajiri nje ya duka, baridi inauma masikio, mbele yangu mzee wa Kisomali ana thermos ya chai, tukanywea kifuniko kimoja mpaka mlango ukafunguliwa.