Anayesita kupasuliwa Uvinza ana hesabu yake

Akina mama wanaojifungua kwa upasuaji nchini Tanzania walipanda kutoka asilimia 6 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 11 mwaka 2022. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango kikizidi asilimia 10 hakionekani kupunguza zaidi vifo vya wazazi na watoto wachanga, wapo wanaosema kisu kimezidi. Wastani huo, hata hivyo, unamweka mama wa mjini mwenye bima kapu moja na mkulima wa Kalya, wilayani Uvinza kando ya Ziwa Tanganyika, anayefika hospitali ya Maweni mjini Kigoma kwa safari ndefu ya ziwani au ya barabara.

Madaktari wana hoja isiyopingika. Uchungu pingamizi (mtoto anaposhindwa kupita njiani), kifafa cha mimba, au mtoto aliyetanguliza mkono havisubiri kikao cha ukoo, na kuchelewa kunaweza kuleta fistula, kupasuka kwa mfuko wa uzazi, au kifo.

Hata hivyo, mama anayesita kutia saini fomu ya ridhaa huambiwa upesi kwamba ana imani potofu, na hapo ndipo anapoonewa. Anajua kwamba kwa wiki sita hivi hatakiwi kushika jembe wala kujitwisha mikungu ya chikichi, na nyumbani hakuna wa kumpokea kazi hizo. Zaidi ya hayo, anaifikiria mimba ijayo. Mwenye kovu moja la mlalo, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, akizalia penye chumba cha upasuaji na wa kumwangalia, hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu huwa chini ya mmoja kati ya mia. Akishikwa na uchungu kijijini usiku, kovu hilo hilo linaweza kumuua kabla boti haijapata mafuta. Kila upasuaji unaofuata, nao, huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza ndani ya kovu na kumwaga damu nyingi, na mkoani Kigoma wanawake wengi bado huzaa watoto wengi.

Kwa hiyo ushauri unaoishia kwenye saini ni nusu ya tiba. Mama aruhusiwe akiwa na kadi inayotaja sababu ya upasuaji, aina ya mchano na mahali pa kujifungulia tena, na mapema apangiwe nafasi katika nyumba ya kusubiria uchungu karibu na hospitali, pamoja na chakula chake, kwa sababu kitanda peke yake hakitamtoa shambani wiki tatu kabla ya siku zake za kujifungua.