Vitabu 66, vitabu 73: ubishi wa msibani Tabora

Tabora ukoo mmoja waweza kuwa na Wakatoliki, na Waprotestanti kama Wamoraviani na walokole, na tofauti zao hujitokeza msibani. Wakatoliki wanataka kumwombea marehemu, wanataja 2 Makabayo 12: Yuda Makabayo anachangisha fedha, anaipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa dhambi za waliokufa vitani. Shemeji mlokole anapekua Biblia yake, kitabu hicho hakimo. Anajibu kwa Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja, kisha hukumu.

Hapo ubishi si wa wafu tena, ni wa nani mwenye haki ya kupanga orodha ya vitabu vya Biblia. Wakatoliki wana 73, orodha ambayo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, uliitangaza rasmi mwaka 1546. Waprotestanti wana 66, maana katika Agano la Kale wanafuata vitabu vya Kiebrania. Waanglikana wamesimama katikati: kifungu cha 6 kati ya vile 39 vya imani yao kinaruhusu vitabu vya ziada kama Makabayo visomwe kwa mfano wa maisha, ila fundisho lisijengwe juu yake.

Mlokole hukimbilia 2 Timotheo 3:16, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu". Arudi mstari mmoja nyuma: maandiko yanayosemwa ni yale Timotheo aliyoyajua tangu utoto, Agano Jipya likiwa bado kuandikwa. Orodha haimo. Mkatoliki naye hushika 2 Wathesalonike 2:15, "mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Sawa, lakini hayo ni mapokeo ya mitume, si kila desturi ya kanisa dogo la kijijini. Na Dei Verbum, hati ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1965, inakiri kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia.

Kwa maoni yangu, Waprotestanti wana hoja nzito wanaposema lazima kuwe na kitu cha kumkosoa hata askofu. Wanayumba pale "Maandiko peke yake" yanapogeuka "mimi peke yangu na mstari wangu". Matokeo yake utayaona kwenye suala la kileo: huyu ana Mithali 20:1, inayoonya juu ya mvinyo na kileo, yule ana 1 Timotheo 5:23, ambayo inaruhusu mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. (Wanzuki, pombe ya asali, mpaka usiku wa manane haumo.) Kila mmoja angesoma sura nzima, akauliza nani anamwambia nani na kwa sababu gani, nusu ya ubishi ingekwisha.

Kwa ibada ya pamoja pale nyumbani, chagueni Yohana 11 au 1 Wathesalonike 4:13-18. Zimo katika Biblia zote. Makabayo isomwe kwenye misa.