Dakika 50 zilizokatwa na BBC

Habari kwamba BBC ilikata na kuunga hotuba ya Donald Trump ilipozuka Novemba 2025, wengi wetu huku tuliipokea kwa mabega juu. Trump si ndiye aliyewachochea watu wavamie Bunge? Kuna uongo gani hapo? Jibu hilo linawaonea waliolalamika, na linatuficha jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Tarehe 6 Januari 2021, Trump alihutubia wafuasi wake mjini Washington kwa zaidi ya saa moja. Mwanzoni aliwaambia watatembea hadi Capitol, jengo la Bunge, naye atakuwa pamoja nao, wakawashangilie maseneta na wabunge wao. Zaidi ya dakika 50 baadaye, ndipo aliposema kwamba wanapigana, tena wanapigana kufa na kupona. Kipindi cha BBC cha Panorama kilichorushwa Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, kilizifunga sehemu hizo mbili zikasikika kama zimetamkwa kwa pumzi moja: tutaenda Capitol, nitakuwa nanyi, na tunapigana. Baadaye zikaonekana picha za Proud Boys, kundi la mrengo mkali wa kulia, likiandamana, ilhali zilipigwa kabla hotuba haijaanza. Hakuna alama yoyote iliyomwonyesha mtazamaji kwamba kati ya maneno hayo kuna kitu kimeondolewa.

Dakika 50 ni nyingi. Ni zaidi ya kipindi kizima cha mpira. Muda mfupi tu baada ya maneno ya kwanza, Trump aliwaambia watu wapaze sauti zao kwa amani na kwa uzalendo. Mkasi ulipita kabla ya hapo. Kisha yakafuata malalamiko marefu kuhusu kura na majimbo, dai juu ya dai, umati ukizidi kupandwa na hasira. Anayetaka kuthibitisha kwamba hotuba ile iliwasha moto angepata ushahidi wake humo humo, katika urefu wake: namna umati unavyochemshwa polepole hadi neno la kupigana linapotamkwa. Waliokata walipoteza hoja nzito zaidi kuliko ile waliyoitengeneza.

Wanaoitetea BBC wana hoja, na si nyepesi. Baraza la Wawakilishi lilimshitaki Trump kwa kuchochea uasi, kwa kura 232 dhidi ya 197, na maseneta 57 kati ya 100 wakamwona ana hatia, ingawa theluthi mbili inayotakiwa kumtia hatiani haikufikiwa. Katika hotuba ile neno la kupigana lilijirudia mara kama 20, la amani mara moja. Tena, hakuna kipindi cha televisheni kisichokatwa. Na waraka uliofichua mkato huo, ulioandikwa na Michael Prescott, aliyekuwa mshauri wa BBC kuhusu viwango vya uhariri, ulivujishwa kupitia gazeti la Telegraph, ambalo limekuwa likiikosoa BBC kwa miaka mingi. Wanaonusa siasa hapo hawajakosea.

Lakini kama ukweli ulitosha, wa nini kuuongezea? Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 kipindi kingine cha BBC, Newsnight, kilifanya mkato unaofanana na huo, na Mick Mulvaney, aliyewahi kuongoza ofisi ya Trump Ikulu, akalisema palepale hewani kwamba maneno yameunganishwa. Onyo lilishatolewa, ndani ya studio yao wenyewe, miaka miwili kabla.

Sasa turudi kwetu. BBC imetangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na vizazi vimeitegea sikio redio za nyumbani zinaponyamaza. Wiki ileile waraka ulipovuja, intaneti ya Tanzania ndiyo kwanza ilikuwa inarudi baada ya kuzimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba. Watu walikuwa na video za waliopigwa risasi kwenye simu zao, na polisi wakatuma ujumbe kuonya dhidi ya kusambaza picha za kuleta taharuki. Video za namna hiyo huhitaji mtu wa nje mwenye nafasi na utaalamu wa kuthibitisha ni wapi, lini, na nini kilitangulia. Uthibitisho huo una nguvu kadiri jina la anayethibitisha linavyoaminika. Kiongozi anayetaka kukana maiti zilizorekodiwa ameshapewa la kusema: hata BBC hukata na kuunga. Anayelipia hapo ni mama anayemtafuta mwanawe.

Tarehe 9 Novemba Mkurugenzi Mkuu, Tim Davie, na mkuu wa habari, Deborah Turness, walijiuzulu. BBC ikamwomba Trump radhi, ikakataa kumlipa fidia. Desemba Trump akaishitaki BBC katika mahakama ya Florida akidai dola bilioni 10. Kesi hiyo siiungi mkono hata kidogo. Rais anayedai fedha za namna hiyo kwa chombo cha habari anatafuta kutia hofu vyumba vya habari vyote, na huyu ndiye aliyewasamehe watu wapatao 1,500 wa tukio lilelile la Januari. Ninachokitaka kwa BBC ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kila hotuba ya kisiasa inapokatwa, skrini ionyeshe mkato na dakika ya kila kipande, na hotuba nzima iwekwe mahali ambapo mtazamaji anaweza kuifungua. Idhaa ya Kiswahili iwe ya kwanza kufanya hivyo.