Nilikwenda kukamata wezi darasani

Najua yule domokaya ameshawapa ya kwake, eti nililia. Sikulia. Vumbi la chaki liliniingia jichoni. (Ndiyo, siku hizi tunatumia ubao mweupe. Tuendelee.)

Darasa la jioni, watu hawafiki kumi. Kazi: mchezo wa nyoka kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu. Mimi, msaidizi wa mhadhiri, niliwapa mifupa ya programu, wajaze nyama. Walipokusanya nikazipitisha kwenye Moss, programu ya kunasa walionakiliana, ipo tangu 1994 na siku hizi inakaa Stanford. Moss huwezi kuihadaa kwa kubadili majina ya vigeu, yenyewe inatazama muundo. Majibu yakaja: wezi wote! Hata yule binti wa mbele ambaye akiazima kalamu anairudisha na kifuniko chake.

Nikaingia na koti. Koti, jamani, Dar, Februari.

Nikahubiri hakimiliki, nikahubiri jasho la mtu, kisha nikawasha projekta. Faili mbili ubavu kwa ubavu, mistari inayofanana imepakwa rangi. "Nani kamnakili mwenzake?"

Kimya. Feni peke yake ndiyo inajibu.

Binti akanyoosha mkono, kwa adabu zote. "Samahani mwalimu, hiyo si ile mifupa uliyotupa wewe?"

Nikatazama. Mstari wa kwanza, wangu. Wa pili, wangu. Nikateremka na kipanya taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Yote yangu. Moss ina `-b`, ya kuitajia faili la msingi ili isilihesabu. Mimi sikuitajia kitu.

Ningefunga laptopu pale ningepona. Nikapandisha juu.

"Na mwalimu," akasema kijana wa nyuma, "mbona kwangu kuna leseni, kwako haipo?"

Kulia, faili lake: leseni ya MIT, hakimiliki, jina la mzungu fulani. Kushoto, mifupa yangu: jina langu. Kijana aliikuta leseni hiyo GitHub, ghala la programu mtandaoni nilikochota mifupa, akairudisha mwenyewe. Leseni ya MIT inakuruhusu kunakili hadi uchoke, ila tangazo lile lazima libaki.

Jasho lilivyonitoka ndani ya koti, msiniulize.

Kipindi kikaahirishwa, mhadhiri akaambiwa, alama zikarudi, jina la mwenye mali likarudi. Nikajipa moyo kwamba Moss hufuta matokeo baada ya siku 14. Kumbe domokaya alikuwa mlangoni na simu. Sasa mimi ni stika ya WhatsApp, koti na yote.

Na aliyeitengeneza hiyo stika hakutaja aliyepiga picha.