Eti nabeba maboksi? Njoo Sutherland uone

Shemeji yangu wa Tabata bado anawaambia watu mimi "nabeba maboksi" Ulaya. Simlaumu sana, Bongo kazi yoyote ya nje isiyo na tai ni boksi tu. Ila mi nilikuwa mhasibu Dar, ofisi Posta pale, kiyoyozi, kufunga mahesabu mwisho wa mwezi, na sasa ni kea, yaani mhudumu wa wazee, huku Sutherland, kaskazini kabisa mwa Scotland, naamka nachukua gari kwenda kuogesha wazee majumbani kwao, na nasema wazi kabisa: uhasibu ulikuwa rahisi kuliko hii.

Kwanza huingii tu kwa sababu una mikono. Lazima usajiliwe na baraza lao la watumishi wa huduma za jamii, usomee cheti huku unapiga kazi, ujue kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza wala kuvunja mgongo wako, dawa gani saa ngapi, na kila kitu kiandikwe, yaani ile tabia ya kihasibu ya kuandika kila senti imenibeba kweli. Na mzee hatoi hela mfukoni, Scotland tangu 2002 kusaidiwa kuoga na kuvaa ni bure kwa mwenye miaka 65 na kuendelea akipimwa akaonekana anahitaji. Hapo wametupiga bao, tuseme ukweli.

Kilichonitoa jasho ni kijiji. Mtu akisikia Uingereza anawaza London. Sutherland nzima watu hawafiki elfu 15, hao Kariakoo unawapata kabla ya saa nne asubuhi. Barabara nyingi ni nyembamba, gari mbili hazipishani mpaka mmoja asubiri kwenye kijisehemu cha pembeni, na lazima unyanyue mkono kusalimia, usiponyanyua hadi jioni kijiji kizima wanayo habari. Kondoo wamejilalia kwenye lami hawana presha. Leseni ya Bongo inakutosha miezi 12 tu halafu ufanye mtihani wao, na bila gari huku huna kazi. Baridi unazoea, giza sasa! Desemba jua linachomoza kama saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama, unaanza kazi usiku unamaliza usiku. Juni ndo kinyume chake, unatafuta pazia zito ulale.

Kuna bibi mmoja nilikuwa namhudumia (wanapenda uwaite jina tupu, mi mdomo unagoma mpaka leo) alinisimulia bonde la Strathnaver, jinsi 1814 na tena 1819 watu walivyofukuzwa na nyumba kuchomwa moto ili bonde liwe la kondoo wa matajiri, wakasukumwa pwani kwenye mawe, wengine wakaishia kupanda meli za Kanada. Anasimulia kwa hasira utadhani ni juzi. Nikamwambia na kwetu babu yangu alihamishwa kwenye Operesheni Vijiji 1974, ila sisi tulikuwa tunakusanywa vijijini nyie mnatolewa. Akaniuliza, na nyumba zilichomwa? Nikamjibu ndiyo, baadhi. Basi stori zikaenda hadi nikachelewa nyumba inayofuata. Bosi wangu wa Posta, miaka yote ile, sikuwahi kujua hata kwao ni wapi.

Sasa nyie mnaonitumia meseji "kaka nifanyie mpango": tangu Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri kea wapya kutoka nje. Ajenti anayekwambia anayo nafasi anataka hela yako tu, usitume hata mia. Na hapa ndo nakasirika, maana uamuzi unatoka London, huku vijana wanahamia Inverness na Glasgow, wazee wanabaki, shifti za wikiendi zinakosa mtu. Jumamosi hii tena nimeombwa niongeze nyumba nyingine ng'ambo ya mlima, nikakubali, maana ningekataa sijui angeenda nani.