Nyumbani tunahesabu makala, huku wanahesabu nukuu

Huku Uingereza, vyuo vikuu vina watu kwenye maktaba ambao kazi yao ya kutwa ni kulinda rekodi za watafiti. Daktari bingwa wa upasuaji akijikuta na akaunti mbili Scopus (hazina ya mtandaoni ya makala za kitaalamu na nukuu zake, yaani mara ambazo watafiti wengine wamezitaja) kwa sababu jarida moja lilifupisha jina lake, wanaziunganisha. Makala ya mtu mwingine ikijipenyeza, wanaitoa. Jarida likikubali makala yake, wanamkumbusha kwa barua pepe ya adabu, kisha nyingine yenye adabu kidogo, kwamba nakala iingie kwenye hifadhi ya chuo kwa wakati. Inaudhi. Halafu ukimfikiria bingwa wa nyumbani mwenye makala 40, ambaye mtandaoni anaonekana ana 11, udhia unageuka wivu.

Najua majibu yameshaanza kuandikwa. "Umekula baridi kidogo, sasa unatuletea hesabu za Wazungu." Haya, tuzitazame hizo hesabu, maana nazo zina ujinga wake.

Inayopendwa zaidi ni h-indeksi, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa sana. Tuseme nukuu ni 62, 31, 17, 9, 6, 5, 2, 1, 0, 0. Shuka ukihesabu, usimame pale nukuu zinapokuwa chache kuliko namba ya makala: ya tano ina nukuu 6, inatosha, ya sita ina 5, haitoshi. H-indeksi yako ni 5. Ile ya kwanza ingekuwa na nukuu 6,000, bado ungebaki na 5. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, na mwaka 1958 alichapisha kwenye British Journal of Surgery makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Kwa kuifuata kazi hiyo, Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kwenye h-indeksi, makala iliyofungua mlango huo inahesabiwa moja, sawasawa na taarifa ya kawaida iliyovuka mstari kwa nukuu moja.

Na mtu akikutajia h-indeksi bila kusema kaitoa wapi, mwulize. Google Scholar huokota tasnifu, ripoti na majarida ya kwetu. Scopus huhesabu nukuu za machapisho iliyoyaorodhesha yenyewe tu. Bingwa wa Mwanza au Eldoret ndiye anayeumia hapo, kwa sababu wanaomsoma sana ni rezidenti, madaktari wanaosomea ubingwa, wanamnukuu kwenye tasnifu zao, na tasnifu hizo Scopus haizioni.

Sasa tuje nyumbani. Faili la kupanda cheo kwenye vyuo vyetu vingi linauliza una makala ngapi na jina lako ni la ngapi kwenye orodha. Nani alizitumia, haliulizi. Mtu akipimwa kwa idadi, ataleta idadi. Data ya wagonjwa 120 wa ajali za bodaboda inakatwa vipande vitatu, makala ya mifupa, ya vichwa na ya matumbo, kila moja ikiwa na wagonjwa wachache mno kujibu swali lolote la maana. Mkuu wa idara anaongezwa kwenye waandishi ilhali hata jedwali la kwanza hajaliona. Halafu kuna majarida ya kulipia ili uchapishwe: yanajibu ndani ya siku nne, wahakiki hawana swali hata moja, na jina lake ni la jarida kubwa lililoongezewa neno mbele. Pointi utapata. Nukuu hutapata, na data hiyo huwezi kuipeleka tena kwenye jarida la kweli kwa sababu imeshachapishwa. Jasho la miaka miwili ya rejista ya thieta, chumba cha upasuaji, limekwenda na maji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ada ya kuchapisha mara nyingi haikuwa ya lazima. Wachapishaji wengi wakubwa huisamehe kwa nchi zilizo kundi la kwanza la Research4Life, mpango wa kuzifikishia nchi maskini machapisho ya kitaalamu, Tanzania ikiwemo. Masharti ni mawili, na ndiyo watu hujikwaa nayo: msamaha huombwa wakati wa kuwasilisha, si baada ya kukubaliwa, na mara nyingi huangaliwa nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida. Ukimpa mshirika wa Ulaya nafasi hiyo kwa heshima, msamaha umeutupa.

Msidhani huku wametakata. Wanaohesabu nukuu nao hupotoka kwa namna yao. Dindo, Demartines na Clavien walichapisha mwaka 2004 mfumo wa kupanga matatizo ya baada ya upasuaji katika madaraja matano, kwa data ya wagonjwa 6,336. Tangu hapo kila anayeripoti matatizo hunukuu makala hiyo, imefika makumi ya maelfu ya nukuu. Inastahili, lakini imefundisha watu kwamba kutunga kipimo kunalipa kuliko kutibu ngiri vizuri. Kuna pia kipimo cha athari cha jarida: nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani unaobebwa na makala chache. Azimio la San Francisco la 2012 lilikataa kumpima mtafiti kwa kipimo hicho, na majopo ya taifa ya kutathmini utafiti huku hayaruhusiwi kukitumia. Kwenye kahawa, hata hivyo, utasikia mtu akisifiwa kwa jina la jarida tu.

Basi msiseme najidai na Ulaya. Mwaka 2009, New England Journal of Medicine ilichapisha utafiti wa orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO kutoka hospitali 8: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero, hospitali ya St Francis. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka 11 hadi 7. Ni kati ya makala za upasuaji zilizonukuliwa sana karne hii, na daktari wa Ifakara yumo kwenye orodha ya waandishi. Chuo cha huku kingekuwa na jina lake humo, kingebandika bango getini. Sisi tumenyamaza.

Mtaniambia: "Mgonjwa aliyetoboka utumbo saa nane usiku hana haja na nukuu za mtu." Hana, kweli. Lakini mabingwa wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa taifodi, kwenye jarida huria, kichwa kikitaja ugonjwa, mahali na idadi. Anayeandika mwongozo wa tiba popote duniani ataipata. Tasnifu ya MMed, shahada ya ubingwa, yenye wagonjwa wengi kuliko hao, iliyofungiwa kabatini na jalada lake la bluu, hataipata.

Kazi ya kurekebisha haihitaji mkutubi wa Uingereza. ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, ni bure, ina tarakimu 16. Weka humo sura zote za jina lako, Mohamed, Mohammed na Muhammad, lenye jina la babu na lisilo nalo, kisha uruhusu Crossref, shirika linalosajili makala, iongeze makala yenyewe. Scopus ina fomu ya kuomba akaunti ziunganishwe. Taja chuo kwa jina moja: kuna watu wa Muhimbili ambao kazi zao za MUCHS, jina la chuo chao kabla ya 2007, hazijaunganishwa na za MUHAS, jina la sasa, hadi leo. Wahariri wa majarida yetu nao waache kupakia makala zilizopigwa picha, bila DOI, namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Mashine haisomi picha.

Na mliokusanya data za COVIDSurg, utafiti wa kimataifa wa upasuaji wakati wa korona, kwa ile makala ya 2021 yenye waandishi 15,025, tafuteni majina yenu PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, kwenye orodha ya washirika. Jina likikosewa herufi, mwandikieni mhariri kumwomba atoe sahihisho, mkiambatisha barua ya kiongozi wa kituo chenu.