Kwetu bado ni Poli

Panda matatu ya Tudor, mwambie makanga akushushe TUM, yaani Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, atakushusha. Mwambie "Poli", atakushusha pale pale. Marehemu ami yangu, aliyesoma hapo miaka ya hamsini, hakuwahi kutamka lolote kati ya hayo mawili. Yeye alisema Miome.

Ndivyo chuo kilivyoitwa kilipoanza: MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini, kwa hivyo vijana wengi wa pwani wakabaki nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni wakachangia. Msisahau kwamba Mombasa yenyewe, kwenye ule ukanda wa pwani wa maili kumi, ilikuwa bado ni milki ya Sultani. Fedha zake hazikuwa msaada wa mgeni.

Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Ami alikuwa akitusimulia kuwa kazi yao ya mwanzo ilikuwa kipande cha chuma, tupa ya kusugulia na guniya, kile kipimo cha fundi cha pembe mraba. Unakibana chuma kwenye jiliwa, unapiga tupa wiki baada ya wiki, hadi pande zote sita zinyooke. Mwalimu akija anaegemeza guniya, anainua dirishani. Mwangaza ukipenya, rudi ukaanze. Ami alirudishwa mara nne. Baadaye aliajiriwa bandarini, na kile chuma akakifanya cha kuwekea bili za stima zisipeperuke.

Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa kila mtu bila kujali dini, jina likawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 likawa Mombasa Polytechnic, ndiyo hiyo Poli. Sina ugomvi na hatua hizo. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba jina la Uislamu lilifutwa, na uchungu wao naufahamu, lakini bandari na reli hazikuwa zikihitaji mafundi wa dini moja.

Ugomvi wangu ni na yaliyofuata. Mwaka 2007 Poli ikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Januari 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Nairobi nako Kenya Polytechnic ikafuata njia hiyo hiyo. Sherehe zikafanyika, majoho yakavaliwa. Halafu? Mwaka 2016 serikali ikaichukua Mombasa Technical Training Institute, hapa hapa mjini, ikaipandisha daraja ikawa Kenya Coast National Polytechnic. Tulikuwa na poli, tukaigeuza, kisha tukatafuta poli nyingine.

Kusema haki, TUM bado inafundisha stashahada na vyeti, na uhandisi wa meli upo. Lakini mzazi wa leo akitaja chuo hicho anawaza digrii, na kijana aliyepata nafasi ya cheti anaisema kwa sauti ya chini, kama anayeungama kosa. Aibu hiyo ami hakuijua kabisa. Cheti chake alikitundika ukutani sebuleni, juu ya picha ya harusi, na ami-mke hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Kile chuma kiko kwangu sasa. Juzi niliazima guniya kwa fundi seremala jirani, nikakiinua dirishani. Mwangaza haukupenya.